Seramiki ya kupuliza: tujue tunachonunua na tunachouza

Neno "seramiki" limepata maana mpya mitaani mwetu. Zamani lilitajwa kwa vigae na vyombo vya udongo uliochomwa. Leo limeandikwa kwenye chupa za kupuliza katika maduka ya vipuri, na kwenye mabango ya vijana wanaoosha magari. Wasomaji kadhaa wa ukurasa huu wa familia wametuuliza kama chupa hizo zina manufaa au ni marashi ya gari tu. Swali ni la haki. Kwa familia iliyojaaliwa kuwa nalo, gari huwa ni mali yenye thamani kubwa baada ya nyumba, na kwa kijana anayeliosha ni riziki ya siku. Pande zote mbili zinahitaji kujua kilichomo ndani ya chupa.

Tuanze na rangi yenyewe. Bati la gari la kisasa hupakwa kinga ya kutu, kisha praima, kisha rangi, na juu kabisa tabaka angavu lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Kwa gari lililotoka kiwandani, matabaka yote kwa pamoja huwa kwa kawaida mikroni 100 hadi 150, na klia peke yake mikroni 40 hadi 50 hivi. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa takriban mikroni 70. Kwa hiyo mng'aro wote tunaouona, na sehemu kubwa ya kinga dhidi ya jua, vimebebwa na utando ulio mwembamba kuliko unywele. Kila mchubuko huingia humo, na kila polishi ya mashine hupunguza humo. Magari mengi tunayonunua yalikwishatumika miaka kadhaa Japani kabla ya kupakiwa melini, nayo yakifika pwani hukutana na jua kali, upepo wenye chumvi na vumbi la barabara. Klia iliyobaki ni akiba isiyoongezeka.

Chupa mbili, jina moja

Sasa tuje kwenye chupa. Vitu viwili tofauti vinauzwa kwa jina moja, na hapo ndipo utata unapoanzia.

Cha kwanza ni seramiki kamili. Hii huja katika kichupa kidogo, mara nyingi cha mililita 30 au 50. Kabla ya kuipaka, rangi husafishwa kwa kina, hupigwa polishi, na hufutwa mafuta yote. Kisha dawa hupakwa kidogo kidogo kwa kijisponji, hufutwa kwa wakati wake, na gari huachwa mahali pakavu ili tabaka hilo ligande na kuwa gumu. Ni kazi ya siku nzima au zaidi, na gharama yake kubwa ni ya mikono ya fundi kuliko ya kichupa.

Cha pili ndicho tunachokizungumzia leo: seramiki ya kupuliza. Ndani yake mna maji mengi, pamoja na viambato vya jamii ya silikoni na silika kwa kiasi. Hupulizwa, husambazwa, hufutwa, na kazi huisha kwa chini ya saa moja. Huacha utando mwembamba mno unaoyakataa maji, nayo yakabaki kuviringika kama matone juu ya jani la mgimbi. Maji yasipotulia, tope na vumbi navyo havishikamani sana, na uoshaji unaofuata unahitaji kusugua kidogo. Humo ndimo ilimo faida yake kubwa, kwa kuwa kusugua ndiko kunakomaliza klia.

Lakini haizuii jiwe lililorushwa na lori, wala ufunguo wala msumari. Haiponyi klia iliyokwishapauka, haifuti mchubuko wa zamani, na haisimamishi kutu iliyokwishaanza. Kinyesi cha ndege na utomvu wa miti bado huunguza rangi vikiachwa juani, ingawa huondoka kwa wepesi zaidi vikiwahiwa.

Utata huu si wa maneno matupu. Miezi michache iliyopita kamati yetu iliombwa kusuluhisha shauri baina ya mwenye gari na vijana wanaokodi sehemu ya kiwanja cha msikiti kwa kazi ya kuosha magari. Vijana walikuwa wamepuliza dawa ya chupa na kutoza bei ya seramiki kamili, wakiamini kuwa vyote ni kitu kimoja kwa kuwa lebo ilitaja jina lilelile. Mwenye gari aliambiwa kwamba kwa mwaka mzima rangi haitachubuka. Baada ya wiki sita maji yaliacha kuviringika, na mlango ukawa na mkwaruzo. Maneno yalikuwa makali, hata ikapendekezwa kwamba vijana wote watano waondolewe kiwanjani.

Fiqhi ya biashara inamtaka muuzaji abainishe aibu ya bidhaa yake, na inakataza mauzo yenye gharari, yaani yale ambayo mnunuzi hajui hasa anachokipata. Mwenye gari alistahili kurudishiwa tofauti ya bei, naye alirudishiwa kwa mafungu mawili. Lakini hatukuona hila, na vijana walibaki. Walitakiwa kuandika kwenye bango lao huduma mbili kwa majina mawili na bei mbili, na kutomwahidi mteja muda wasioweza kuuthibitisha.

Jinsi ya kulinganisha

Seramiki za kupuliza nazo haziko namna moja. Zipo zinazopulizwa juu ya gari likiwa bado limelowa, kama Hybrid Ceramic Wax ya Meguiar's: baada ya kuosha na kusuuza, dawa hupulizwa juu ya maji, kisha bodi hupigwa maji ya nguvu ili dawa isambae, ndipo gari likaushwe. Zipo zinazopakwa juu ya bodi kavu, kipande kimoja kimoja, na kung'arishwa kwa kitambaa cha pili. Ceramic Spray Coating ya Turtle Wax hupakwa hivyo. Aina ya tatu ni nyepesi zaidi: hutumika baina ya uoshaji mmoja na mwingine, kuondoa alama za vidole na vumbi jepesi na kuhuisha kinga iliyopo. Anayelinganisha dawa ya aina ya tatu na ya aina ya pili kwa muda wa kudumu anadhulumu zote mbili, kwa kuwa hazikutengenezwa kwa kazi moja.

Lebo nyingi hutaja muda, nao hutanguliwa na neno "hadi". Neno hilo lisomwe kwa makini. Gari linalolala ndani ya banda na kuoshwa kwa shampuu laini halifanani na gari linaloshinda juani na kuoshwa kwa sabuni ya unga ya kufulia, ambayo huondoa kinga yoyote iliyopakwa.

Ili vijana wale wawe na la kusema mbele ya mteja, tulikubaliana wafanye jaribio juu ya gari la msikiti linalobeba jeneza, ambalo hulala chini ya mwarobaini na kupata kila aina ya uchafu. Boneti iligawanywa mara tatu kwa utepe wa karatasi wanaoutumia mafundi rangi. Kushoto hapakupakwa kitu, katikati pakapakwa dawa ya bei ya chini, na kulia ya bei ya juu. Gari lilioshwa kila Alhamisi kwa namna ileile, na kila mara maji yakamiminwa na kutazamwa.

Tulijifunza mambo matatu. Kwanza, katika wiki za mwanzo hakuna aliyeweza kuzitofautisha dawa hizo mbili kwa macho. Tofauti ilijitokeza baadaye, ile ya bei ya chini ilipoanza kulegea. Pili, sehemu isiyopakwa kitu ndiyo iliyodai kusuguliwa zaidi, hasa penye kinyesi cha ndege. Tatu, uchafu hudanganya. Kuna wiki ambayo sehemu zote tatu zilionekana kulaza maji sawasawa, tukadhani dawa zimekwisha. Baada ya kuoshwa vizuri kwa shampuu, mbili zikaanza tena kuviringisha maji. Kinga ilikuwepo, ila imefunikwa na vumbi. Kwa hiyo asihukumu dawa yeyote ambaye hajaliosha gari kwanza.

Jaribio kama hilo halihitaji maabara, na kila mwenye gari anaweza kulifanya kwa utepe na subira. Kwenye bei pia, tusitazame ukubwa wa chupa. Chupa ya mililita 500 inayotumia mililita 40 kwa gari inatosha kwa magari 12. Ya mililita 750 inayotumia mililita 60 nayo inatosha kwa magari 12 yaleyale. Bei igawanywe kwa idadi ya magari, kisha ipimwe kwa muda ambao kinga ilionekana juu ya gari lako mwenyewe.

Jinsi ya kupaka

Kanuni ya kwanza ni kwamba dawa haipakwi juu ya uchafu. Anayepuliza chupa juu ya vumbi na kufuta anasaga mchanga juu ya klia, na ile mizunguko myembamba inayoonekana juani kwenye magari meusi huletwa zaidi na mkono wa kuosha kuliko na safari. Gari lisuuzwe kwanza kwa maji mengi. Kisha ziwepo ndoo mbili, moja ya maji ya shampuu na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia sponji kila linapotoka kwenye bodi. Uoshaji uanzie juu kwenda chini, na rimu ziwe na sponji lake.

Kanuni ya pili ni kivuli. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ni ya moto, subiri. Juu ya bati la moto dawa hukauka kabla ya kusambazwa na kuacha michirizi. Saa za baada ya alfajiri au za jioni ndizo zinazofaa.

Kanuni ya tatu ni vitambaa. Viwepo viwili vya maikrofaiba, safi na vikavu: cha kwanza cha kusambaza, cha pili cha kung'arisha. Fulana kuukuu na vipande vya kanga vibaki jikoni. Kwa dawa ya bodi kavu, puliza mara mbili au tatu kwenye kitambaa au kwenye kipande kimoja cha bodi, mathalani nusu ya mlango. Sambaza mara moja, kisha geuza kitambaa cha pili na ung'arishe mpaka michirizi yote ipotee. Ndipo uhamie kipande kingine. Wingi wa dawa hauongezi kinga. Huongeza michirizi na gharama. Vitambaa vifuliwe peke yake, bila dawa ya kulainisha nguo. Kilichoanguka chini kisirudi kwenye gari kabla ya kufuliwa.

Usipulize dawa kwenye usukani, pedali, sehemu ya tairi inayokanyaga barabara, wala diski za breki. Kioo cha mbele nacho kiachwe, isipokuwa lebo imekiruhusu, kwa sababu waipa zinaweza kutandaza ukungu juu yake usiku wa mvua. Kazi ifanyike mahali penye hewa, watoto wakiwa mbali, na chupa ihifadhiwe wasikoifikia.

Wenye kuosha kwa maji ya kisima wachukue tahadhari moja zaidi. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi na madini. Tone lililosimama juu ya bodi likikauka juani huacha duara jeupe, na kwa kuwa dawa hii huyakusanya maji kuwa matone, madini nayo hukusanyika mahali pamoja. Gari likaushwe mara tu baada ya kusuuzwa, lisiachiwe jua. Doa bichi huondoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa, kisha pasuuzwe vizuri. Likiachwa kwa wiki nyingi huila klia, na hapo hakuna chupa itakayosaidia.

Kwa mwenye fedha kidogo, mpangilio wetu ni huu: kwanza anunue ndoo ya pili, pili vitambaa vinne vizuri, tatu shampuu ya gari badala ya sabuni ya unga, na chupa ya seramiki iwe ya nne. Aliyeanza na chupa akaacha vitatu vya mwanzo atakuwa na gari linaloviringisha maji vizuri juu ya rangi iliyokwaruzwa. Na kwa vijana wa kazi hii, mteja aliyeambiwa mapema kwamba dawa hii itahitaji kurudiwa baada ya miezi michache atakuja kuirudia kwao.