Kupotea njia ndiko kujua njia

Msomaji mpenzi, kabla hujaendelea kusoma, hebu toa noti yoyote uliyo nayo mfukoni au kwenye kibeti, uisogeze karibu na macho. Leo usiitazame kama pesa. Itazame kama picha. Utaona kwamba sehemu nyingi ulizodhani zimepakwa rangi ni mistari, myembamba kama unywele, iliyopangwa ubavu kwa ubavu. Inapokaribiana pana giza, inapoachana pana mwangaza.

Jumanne iliyopita nilimtuma kitinda mimba wangu, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, akatuletee maziwa kwa noti ya shilingi mia. Nusu saa ikapita. Maji ya chai yalichemka hadi yakakaribia kukauka na maziwa hayajaonekana. Nilipotoka kumtafuta, nilimkuta ameketi kwenye ngazi, daftari la hesabu magotini, noti ameibana kwa kiatu isipeperushwe na upepo. Alikuwa akimnakili yule chui wa kwenye noti kwa kalamu ya wino, mstari baada ya mstari.

"Mama, ngoja kidogo tu. Nimebakisha madoa," alinisihi.

Sikungoja madoa. Niliuchana ukurasa ule, nikaukunjakunja mkononi, nikamwonyesha njia ya dukani.

Sikwambii haya kwa kujivuna. Nakwambia kwa sababu tangu siku ile nimekuwa nikimfikiria mtoto mwingine, aliyeishi mbali sana na hapa na zamani sana, ambaye naye alikuwa akinakili mistari midogo kwa kalamu. Huyo hakuna aliyemchania ukurasa, na dunia ikapata mchoraji.

Jina lake lilikuwa Franklin Booth. Alizaliwa mwaka wa 1874 katika shamba karibu na mji mdogo wa Carmel, jimbo la Indiana, nchini Marekani. Alipenda kuchora tangu utotoni, na walimu wake wakuu walikuwa majarida. Majarida kama Harper's na Scribner's yalikuwa na picha za kupendeza za miti, majumba, mawingu na watu. Kijana Booth aliketi nayo, akachovya kalamu kwenye wino, akazinakili picha hizo mstari kwa mstari.

Alidhani zimechorwa kwa kalamu. Kumbe sivyo!

Hebu tuelezane jinsi picha za majarida zilivyotengenezwa siku hizo. Fundi alichukua kibao cha mti mgumu, kilichosuguliwa kikawa laini kabisa, akakichonga kwa vyombo vidogo vya chuma vyenye ncha kali. Alipochonga palishuka, na kwenye karatasi pakatokea peupe. Alipoacha pakiwa pameinuka ndipo palipopokea wino wa mashine, pakatokea peusi. Wino huo ulikuwa mweusi tu, haukujua kijivu. Ili aonyeshe kivuli cha mti au shavu la mtoto, fundi ilimbidi kulidanganya jicho, akiacha mistari minene iliyobanana hapa, myembamba iliyotawanyika pale. Ukiitazama picha kwa mbali unaona kijivu. Ukiisogelea unaona mistari mitupu.

Kwa hivyo alichokuwa akinakili Booth hazikuwa alama za kalamu. Zilikuwa alama za chuma kwenye mti. Ni kama mtu asikie sauti ya kinanda, adhani ni mtu anayeimba, kisha akae miaka mingi akijifunza kuimba vile.

Angekuwapo mjuaji karibu naye, bila shaka angemkata kauli mapema: "Wewe kijana, unapoteza wino wako bure. Kazi hii haifanywi kwa kalamu." Na mjuaji huyo angesema kweli. Wachoraji wa kalamu wa wakati ule walikuwa na njia zao, za mistari michache, ya haraka, iliyoacha karatasi ipumue. Hakuna aliyekuwa na haja ya kujaza mbingu nzima kwa mistari kama nyuzi za kitambaa. Lakini Booth hakujua kwamba haifanywi, basi akaifanya. Alipoujua ukweli, mkono ulikuwa umekwisha kuzoea.

Wahenga walitwambia kwamba kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Sitaki kubishana na wahenga siku ya Jumapili, lakini huyu Booth alilirudia kosa lake mara elfu, na kwa kulirudia likageuka kuwa ufundi ambao hakuwa nao mtu mwingine.

Tena tazama wakati alioingia kazini. Kuanzia miaka ya 1880 mambo ya uchapishaji yalikuwa yakibadilika mbio. Picha iliweza kupigwa kwa kamera na kuhamishiwa kwenye bamba la zinki, asidi ikala sehemu zisizotakiwa, na mchoro wa kalamu ukachapishwa kama ulivyo bila kupita mikononi mwa mchongaji. Kisha ikaja njia ya kuigawa picha katika nukta ndogo ndogo, hata fotografia ikaweza kuchapishwa. Mafundi wa vibao vya mti, waliotumia miaka kuinoa mikono yao, wakaanza kukosa kazi mmoja baada ya mwingine. Lakini mistari yao haikufa nao. Ilibaki katika mkono wa mwana wa mkulima wa Indiana aliyeijifunza kwa kudhani ni ya kalamu.

Booth alianzia katika gazeti la Indianapolis News, akapata masomo ya sanaa ya muda mfupi, hatimaye akafanya makao yake New York. Huko aliyachorea majarida yale yale aliyokuwa akiyanakili utotoni. Alichora vitabu pia. Mwaka wa 1913 kilitoka The Flying Islands of the Night cha mshairi James Whitcomb Riley, naye pia mwana wa Indiana, kikiwa na picha zake. Mwaka wa 1915 alisafiri kwa gari kutoka New York hadi Indiana pamoja na mwandishi Theodore Dreiser, kila mmoja akirudi kuitazama nchi aliyozaliwa. Safari hiyo ikazaa kitabu A Hoosier Holiday, kilichochapishwa mwaka wa 1916, maneno ya Dreiser na picha za Booth. Mwaka wa 1917 alichora The Prince and the Pauper cha Mark Twain. Na mwaka wa 1925 kikatoka kitabu cha michoro yake mwenyewe, sitini kwa jumla.

Ukibahatika kuiona michoro hiyo, utaijua mara moja. Miti ni mirefu mno, majumba yamepanda hadi mawinguni, na mawingu yenyewe yamejaa karatasi kama milima. Chini kabisa, kwenye pembe, utaona mtu mmoja au wawili, wadogo kama siafu. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa matangazo ya biashara, kama yale ya vinanda vya kampuni ya Estey, lakini hata tangazo alilitia fahari ya hekalu. Angani hakuna hata tone la kijivu. Ni wino mweusi na karatasi nyeupe tu, na subira katikati yake.

Subira hiyo ndiyo ninayotaka uikumbuke, mzazi mwenzangu. Booth aliipanga picha yote kwanza kwa penseli. Kisha aliitia wino kipande kwa kipande, akimaliza hapa ndipo asogee pale. Wino si penseli, haufutiki kwa raba. Aliyekuwa na pupa asingefika mbali. Tukiitazama kazi yake leo tunasema alikuwa na kipaji, na ni kweli, lakini kipaji pekee hakijazi mbingu. Mbingu ile ilijazwa na mtu aliyekubali kuketi.

Booth alifariki mwaka wa 1948, na enzi ya majarida ya picha za kalamu ilikuwa inapita. Hata hivyo mistari yake haikuzikwa. Mchoraji mwingine wa Marekani, Bernie Wrightson, aliyependa sana kazi ya Booth, alitumia miaka kama saba kukichorea kitabu cha Mary Shelley, Frankenstein, kwa kalamu na wino. Kilitoka mwaka wa 1983. Mafundi wa vibao walimfunza Booth bila kumjua, Booth naye akamfunza Wrightson bila kumjua.

Sasa nirudi kwenye ngazi zetu. Sisemi kwamba mwanangu ni Booth. Sisemi pia kwamba hesabu ziachwe, wala kwamba maziwa yasiletwe kwa sababu mtu ana sanaa. Kazi ya nyumbani ni kazi, na daftari la hesabu ni la hesabu. Nikiwa mama nilikuwa na haki ya kukasirika. Lakini chai ile tuliinywa Jumanne ile ile, ikaisha. Nilichokichana kilikuwa nusu saa ya mtoto aliyekubali kuketi na kutazama jambo moja mpaka akaliona. Mimi mtu mzima nimeishika noti ya aina ile mara ngapi, na madoa ya chui huyo sijawahi kuyaona.

Jioni ile nilitafuta ukurasa ule kwenye pipa la taka. Pipa lilikuwa limekwisha kumwagwa. Juzi nikamnunulia daftari lisilo na mistari, nikaliweka mezani. Alilitazama, akaniambia kwa adabu, "Asante mama, lakini nina hesabu." Akaendelea na hesabu zake. Na mimi, niliyezoea kuomba mtoto apende hesabu, nilikosa raha usiku mzima.

Basi leo nitafanya hivi. Nitaiweka noti ya shilingi mia mezani kando ya daftari, nimwombe msamaha, nimwambie kwamba chui huyu bado hana madoa. Asipochora leo nitaiacha hapo hapo hadi kesho.

Maziwa nitakwenda kununua mwenyewe.