Dhamana Isiyovuka Ruzizi

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na methali hiyo imetumika miaka mingi kumnyamazisha kila anayelalamikia zana. Msumeno ukikosa makali, fundi huambiwa mikono yake ndiyo mibutu. Spana ikipanuka mdomo, kijana wa garaji huambiwa hajui kazi. Lakini jembe la enzi hizo halikuletwa na kontena. Lilifuliwa na mhunzi ambaye mkulima alimjua kwa jina na kwa ukoo, akakutana naye sokoni, msibani na arusini. Likivunjika kabla msimu haujaisha, lilirudi kwenye mvukuto uleule lilikotoka, na mhunzi alilitazama mbele ya watu. Mkulima hakuwa na haja ya kuchagua jembe, kwa kuwa alikwisha kumchagua mhunzi. Bukavu ya leo ina zana nyingi kuliko wakati wowote, na nyingine zimetengenezwa kwa ustadi ambao mhunzi yule asingeuota. Tulichopoteza ni mtu wa kurudiwa.

Tazama maduka ya vifaa ya Kadutu na Nyawera. Ukutani zinaning'inia zana za aina mbili. Kuna zile zisizo na jina, au zenye jina ambalo hakuna anayelikumbuka, ambazo fundi huzinunua akijua zitamwacha njiani. Zikifa, hakuna anayekasirika, maana bei yake ilikwisha kusema ukweli wote. Pembeni yake kuna zile zenye jina la Ulaya au Marekani lililochongwa kwenye mpini, nzito mkononi, na bei yake ni mara kadhaa ya bei ya zile za kwanza. Fundi hujinyima, pengine akangoja zamu yake ya likirimba, ule mchango wa kupokezana, ili anunue moja. Hiyo ndiyo ninayoizungumzia hapa: zana ya bei kubwa inayokatika katika wiki ya sita. Ile ya bei ndogo ikivunjika ni hasara. Hii ikivunjika ni ahadi iliyovunjwa, na ahadi ni deni. Swali ni nani anayedaiwa.

Ili tulijibu, tujiulize bei ile kubwa inanunua nini. Sehemu yake ni chuma bora na kazi safi. Sehemu nyingine ni ahadi. Kampuni kama Facom ya Ufaransa, iliyoanzishwa 1918, na jina la Craftsman lililozaliwa Marekani 1927, zilijenga sifa kwa maneno mepesi: zana ya mkono ikivunjika kazini, irudishe upewe nyingine. Kwa miongo mingi makanika wa Marekani aliingia katika duka la Sears na spana ya Craftsman iliyokatika, akatoka na mpya bila hata kuulizwa risiti. Hiyo haikuwa sadaka. Gharama ya zana zinazobadilishwa hugawanywa katika bei ya zana zote zinazouzwa. Kwa hiyo fundi wa Bukavu anayelipia jina kubwa anachangia mfuko huo, kisha yake ikivunjika hana dirisha la kubisha. Ahadi imevuka bahari ikiwa ndani ya bei, imepita Mombasa au Dar es Salaam, ikapanda milima hadi ziwa Kivu, lakini utekelezaji wake umebaki ng'ambo ya mto Ruzizi, nje ya mpaka wetu. Tunalipa bima ya watu wengine.

Hoja yangu ni hii: mdaiwa ni duka lililouza. Tusikitafute kiwanda kisichofikika wala wakala ambaye hayupo. Mwenye duka aliyepokea bei ya zana bora aandike kwenye fakitura kwamba ikiharibika kwa kasoro yake yenyewe ndani ya miezi 3, ataibadilisha. Miezi 3 inaweza kuonekana michache mbele ya dhamana ya maisha ya wenzetu, lakini nina sababu ya kuichagua: chuma kibovu hujisema mapema. Patasi, nyundo au koleo huzaliwa mara mbili motoni. Kwanza chuma hupashwa hadi kiwe chekundu, karibu nyuzi 800 za joto, kisha huchovywa ghafla katika mafuta au maji ili kiwe kigumu. Kikiachwa hapo huvunjika kama kioo, ndiyo maana hupashwa tena kwa moto mdogo, nyuzi 200 au 300 hivi, ili ugumu upungue kidogo na ustahimilivu uongezeke. Kiwanda kikikosea hatua ya kwanza, chuma huwa laini na mdomo wa spana hupanuka. Kikiruka ya pili, zana hukatika kwa pigo la kawaida. Na uchovyaji ukiwa mkali mno, huacha ufa mwembamba ambao jicho halioni. Makosa yote matatu yamo ndani ya zana siku inaponunuliwa, na kazi halisi ya wiki chache hutosha kuyatoa nje.

Wahandisi wanaufahamu mwenendo huu kiasi cha kuuchorea mstari wenye umbo la beseni: mwanzoni vifaa vingi huharibika kwa kasoro za kuzaliwa, kisha huja kipindi kirefu cha utulivu, halafu mstari hupanda tena vinapochakaa. Sheria za wengine zimejengwa juu ya akili hiyohiyo. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la 1999, uliwapa wanunuzi wa kawaida dhamana ya miaka 2, ukaongeza kanuni yenye uzito zaidi: kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 6 huhesabiwa kuwa ilikuwapo tangu siku ya kukabidhiwa, na ni juu ya muuzaji kuonyesha vinginevyo. Agizo jipya la 2019, lililoanza kutumika Januari 2022, liliurefusha muda huo hadi mwaka 1. Na anayeulizwa kwanza ni muuzaji aliyepokea fedha, kiwanda hata kiwe mtaa wa pili. Kwa hiyo miezi 3 ninayoiomba Bukavu si anasa.

Wenye maduka watajibu, na jibu lao la kwanza lina uzito. Watasema mafundi wetu huzitesa zana: huchomeka bomba kwenye mpini wa spana ili kuongeza nguvu, huipiga bisibisi nyundo kama patasi, hutumia tupa kama mtaimbo. Ni kweli, na hakuna duka linalopaswa kulipia ujeuri huo. Lakini chuma kilichovunjika hutoa ushahidi kwa anayekubali kukitazama. Mpini uliopinda kabla ya kukatika, wenye alama za bomba, umelemewa. Kichwa cha bisibisi kilichochanua kwa nyundo kinajieleza. Patasi iliyogeuka bluu kwenye ncha imechomwa na jiwe kavu la kunolea, na hapo kosa ni la fundi. Kinyume chake, uso wa mkatiko wenye sehemu nyeusi au yenye kutu kando ya sehemu inayong'aa unaonyesha ufa uliokuwapo kabla ya siku ya kuvunjika. Zana iliyokatika bila kupinda hata kidogo, ikaonyesha chembe nene kama za sukari, ilitiwa moto vibaya. Na kama makali yanasemekana kuwa laini, pitisha tupa juu yake: kwenye chuma kilichokomaa tupa huteleza, kwenye chuma laini huuma. Mambo haya hayahitaji maabara. Mwalimu yeyote wa ufundi, mathalani wa Institut Technique Fundi Maendeleo iliyo hapahapa mjini, anaweza kuyaamua kwa dakika chache pande mbili zikibishana.

Jibu lao la pili ni kwamba na wao hawana pa kurudisha. Wamenunua Kampala, Dubai au Guangzhou, wamelipa usafiri na ushuru, na aliyewauzia hatapokea simu kwa ajili ya koleo moja. Hilo pia ni kweli, lakini tuifuate hesabu. Tuseme duka linauza spana 100 kwa dola 15 kila moja, na 2 kati yake zinaharibika mapema kwa kasoro ya kiwanda. Kuzibadilisha hata kwa bei kamili ya dukani ni dola 30, yaani senti 30 kwa kila spana iliyouzwa. Mwenye duka anaweza kuziongeza kwenye bei bila mteja kushtuka. Lakini zikiachwa kwa mafundi, hazigawanyiki: wawili wanapoteza dola 15 kila mmoja, pamoja na kazi za siku hizo, na 98 hawapotezi kitu. Hasara ileile ambayo kwa mwenye bidhaa mia ni vumbi, kwa mwenye spana moja ni mwezi mbaya. Tena mwenye duka ndiye pekee katika mnyororo huu anayeweza kuacha kuagiza kwa msambazaji mbaya. Asipoguswa na zile mbili zilizovunjika, ataagiza nyingine.

Hapa ndipo linapoingia suala la zana bandia. Wengi husema zana za bei kubwa zinazokufa mapema si za kampuni halisi, ni jina tu lililochongwa juu ya chuma cha hovyo. Huenda nyingi ni hivyo, lakini hilo halimwondolei muuzaji wajibu, linauzidisha. Nani ana nafasi nzuri zaidi ya kutambua bandia: fundi anayeona spana moja kwa mwaka, au mfanyabiashara anayefungua maboksi na kujua bei aliyoinunulia? Anayeuza jina kwa bei ya jina alidhamini jina hilo. Akiwa amedanganywa na yeye, ana sababu ya kumkasirikia aliyemdanganya, lakini hana sababu ya kuipitisha hasara kwa mtu wa mwisho kwenye foleni.

Wapo watakaouliza sheria iko wapi. Ipo, na ni kongwe. Dikrii ya 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo Kongo iliirithi na ingali nayo, inamtaka muuzaji awajibike kwa kasoro zilizofichika za kitu alichouza, na inamtaka mnunuzi asikawie kudai. Jirani zetu wana maneno mapya zaidi: kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Tuna pia Ofisi ya Udhibiti ya Kongo, OCC, iliyoundwa 1974. Lakini mkaguzi wa mpakani huona shehena na hati zake. Hawezi kuipinda kila spana. Na tusijifiche ukweli kwamba tangu Februari 2025, mji ulipochukuliwa na waasi wa AFC/M23, benki zilifunga milango, na fundi aliyepoteza dola 15 hana muda wala nguvu ya kuzunguka na faili. Wengine huhitimisha kwamba basi huu si wakati wa kuzungumzia dhamana. Mimi naona kinyume. Mji ambao benki zake zilifungwa uliendelea kuzungusha likirimba kwa daftari na maneno ya watu wanaofahamiana. Dhamana ya duka ni mkataba wa aina hiyo. Haihitaji hakimu siku ya kwanza; inahitaji mstari mmoja wa wino na mwenye duka anayejali wateja watasema nini.

Wajibu hauko upande mmoja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na fundi anayetupa fakitura njiani ametupa haki yake pamoja nayo. Zana mpya itumiwe kazi halisi tangu wiki ya kwanza, isifungiwe sandukuni kwa heshima hadi miezi 3 ipite. Ikivunjika, vipande vyote vihifadhiwe jinsi vilivyo: visichomelewe, visinolewe, visitiwe rangi, kwa sababu uso ule wa mkatiko ndio shahidi. Irudishwe mapema, bila kelele, na isemwe kweli ilikuwa inafanya kazi gani. Mafundi seremala, wa garaji na waashi waliojiunga katika vyama wanaweza kwenda mbele zaidi: wakubaliane kununua zana ghali kwa wale tu wanaoandika dhamana, na majina ya maduka hayo yajulikane katika kila karakana. Duka moja la Kadutu likianza, la jirani litalazimika kueleza kwa nini lenyewe haliandiki.

Kesho basi, kabla hujahesabu dola zako kwa ajili ya zana yenye jina, weka kidole kwenye nafasi tupu chini ya fakitura na umwombe muuzaji aandike: miezi 3. Akiandika, mlipe bei yake bila kunung'unika. Akikataa, amekwambia yeye mwenyewe anavyoiamini bidhaa yake. Chukua ile isiyo na jina iliyo kando: chuma chake ni hafifu, lakini bei yake haikukuahidi kitu.