Usifuge samaki kabla hujafuga maji

Leo tuweke desa pembeni kidogo, nina la moyoni kuhusu hawa samaki wa mapambo. Mtu ananunua bakuli la kioo, anatia samaki dhahabu mmoja, anaweka mezani. Baada ya siku chache samaki anaelea tumbo juu, halafu utasikia, "Aah, hawa samaki dhaifu bwana." Mimi sikubali. Samaki dhahabu akitunzwa vizuri anapita miaka 10 na anaweza kufika sentimita 20. Huyo si dhaifu, kafa kwa sumu.

Sumu yenyewe ni amonia. Inatoka kwa samaki mwenyewe na kwenye chakula kinachooza. Ziwani inapotea kwenye maji mengi, ila kwenye bakuli inajikusanya na kumuunguza matamvua.

Wanaomwokoa ni bakteria. Kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ina nafuu, na unaipunguza kwa kubadilisha maji. Huo ndo mzunguko wa naitrojeni. Bakteria hawa wanakaa hasa kwenye sponji ya chujio, na kwenye tangi jipya wanachukua kama wiki 4 hadi 6 kuzaliana vya kutosha. Kwa hiyo kununua tangi na samaki siku moja, kwa mtazamo wangu, ni kumhukumu kifo.

Washa chujio, tia punje chache za chakula kila siku bila samaki, subiri. Baadaye badilisha robo ya maji kila wiki, siyo yote. Sponji ioshee kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe, maana klorini ya bomba inaua bakteria wako. Na umeme ukikatika muda mrefu, kumbuka na wao wanahitaji oksijeni.

Neno la mwisho ni pH, yaani maji ni ya asidi au ya alkali. Ziwa Tanganyika liko karibu na 9. Samaki wa ziwa hilo wanafugwa sebuleni huko Ulaya na Marekani, na mfugaji makini anawatengenezea maji ya alkali kama ya kwao. Tena pH ikipanda, amonia ileile inakuwa kali zaidi. Inaniuma kidogo kwamba mtu wa mbali anayajua maji ya ziwa letu kuliko sisi.

Najua mtasema boom halitoshi. Sawa, lakini kusubiri ni bure. Na kama hela ya tangi la maana na chujio haipo, basi usinunue samaki. Weka ua mezani, nalo linapendeza.

Tuko pamoja.