Reli Ndogo Mezani, na Sababu ya Treni Kwenda

Miongoni mwa sanaa za mikono zinazodhulumiwa kwa kutojulikana, sioni iliyodhulumiwa zaidi ya ile ya kuunda reli ndogo mezani, pamoja na vilima vyake, madaraja yake na stesheni zake, kisha kuziendesha treni zake kwa nidhamu ile ile ambayo watu wa reli huziendeshea treni kubwa. Asiyeijua huiita mchezo wa watoto, naye husamehewa. Lakini dhuluma iliyo kubwa zaidi hutendwa na wenyewe wanaoishughulikia, ambao aghalabu hugawanyika makundi mawili, hili likizama katika mandhari hata treni ikawa pambo tu la kuwekwa juu yake, na lile likizama katika mwendo hata treni zikazunguka juu ya mbao tupu ambazo hazikupakwa rangi. Hoja yangu ni kwamba mambo haya mawili ni jambo moja, na kwamba umoja wake hauonekani vizuri katika kumbi kubwa zenye treni mamia, bali katika meza ndogo ya mtu mmoja mwenye subira.

Na tuanze na hesabu, maana hesabu ndiyo inayomtia adabu mwenye sanaa hii. Kipimo kilichoenea zaidi ni cha 1 kwa 87, yaani ukubwa wa kila kitu cha dunia yetu hugawanywa kwa 87. Ubao wa plaiwudi wa futi 8 kwa 4, ule ule unaouzwa katika maduka yetu ya vifaa vya ujenzi, una urefu wa mita 2.4 hivi, zidisha kwa 87, utapata mita 209. Treni moja ya mizigo yaweza kuupita urefu huo mara kadhaa, na kilomita moja tu ya reli ya kweli ingetaka chumba cha mita kumi na moja na nusu. Kwa hiyo anayeazimia kuuunda mji wake mzima pamoja na reli yake kama vilivyo, huyo bado hajashika rula. Hana budi kuchagua: mabehewa matano yasimame mahali pa hamsini, ghala moja liwe badala ya mtaa wa maghala, na kilima kimoja kitoe ushahidi kwa niaba ya safu nzima ya milima. Ustadi wote umo katika kuchagua huko, na mwenye nafasi kubwa hupatwa na balaa la kutolazimika kuchagua.

Mandhari hujengwa kuanzia chini kwenda juu, na kazi yake ni ya mikono iliyochafuka. Vipande vya kadibodi husukwa juu ya viunzi vya mbao, vikafunikwa kwa karatasi au nguo iliyochovywa katika plasta, na ikikauka hupatikana ganda la kilima, jepesi na gumu. Juu yake hupakwa rangi ya udongo, kisha udongo wenyewe. Na hapa nasisitiza udongo wa kweli, uliokaushwa juani na kuchekechwa kwa chujio la chai, kwa sababu hakuna rangi ya kopo iliyopata kuufikia. Kokoto za kati ya mataruma humwagwa kavu, zikalazwa kwa brashi, zikanyunyiziwa maji yaliyotiwa tone la sabuni, kisha gundi nyeupe iliyozimuliwa ikadondoshwa polepole. Lile tone la sabuni ndilo siri, kwani pasipo hilo gundi hujikunyata juu ya kokoto isipenye ndani. Ubavu wa reli hupakwa rangi ya kutu na juu huachwa paking'aa, maana ndivyo reli ilivyo: magurudumu husugua juu tu, ubavuni hapana anayesugua. Maji ya mto ni vanishi iliyopakwa tabaka juu ya tabaka. Vilima vya mbali huchorwa ukutani kwa rangi hafifu inayoelekea samawati, kwa kuwa hewa yenyewe huvififisha vitu vya mbali, na jicho likishahadaika hapo, meza ya sentimita sitini hupata maili ishirini za ziada bila gharama.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili, wengi wa waliounda reli ndogo Uingereza waliridhika na reli zilizogongomelewa juu ya mbao, mpaka akatokea John Ahern na reli yake ya kubuni aliyoiita Madder Valley, yenye bonde lake, vijiji vyake na bandari yake, akawaonyesha wenzake kwamba reli haina maana pasipo nchi inamopita. Kazi yake ingalipo katika jumba la makumbusho la Pendon, huko Oxfordshire. Ng'ambo ya Atlantiki, katika mji wa Monterey, California, mpiga picha aitwaye John Allen alifika mbali zaidi, kwa kuwa jicho lake la kazi halikuweza kustahimili injini zinazong'aa kama zilivyotoka dukani. Akazipaka masizi, akayatia mabehewa kutu na vumbi, akayainamisha mapaa ya nyumba kidogo kwa uzee. Leo hilo ni jambo la kawaida, lakini katika miaka ya 1940 mtu aliyenunua injini kwa fedha nyingi kisha akaichafua kwa makusudi alitazamwa kwa mashaka, na nadhani jirani zake walikuwa na udhuru.

Ila uzuri wa kazi ya Allen, kwa maoni yangu, hauko katika kutu. Uko katika hili: kila jengo alilolisimamisha kando ya reli lilikuwa na haja na treni. Ghala lilitaka behewa lililofungwa, mgodi ulitaka behewa la wazi, na kiwanda kilitaka makaa. Mandhari yakijengwa namna hiyo hayabaki mapambo, bali huwa amri, kwani stesheni humwambia dereva asimame, mlima humwambia apunguze mabehewa, na ghala humwambia arudi nyuma kuacha shehena. Mmarekani mwingine, Frank Ellison wa New Orleans, aliyekuwa na asili ya kazi za tamthilia, aliandika mwaka 1944 kwamba reli ndogo ni jukwaa, treni ni waigizaji, na ratiba ndiyo hadithi yenyewe. Sijaona aliyelieleza jambo hili kwa ufasaha zaidi. Treni inayozunguka duara bila kusimama haina hadithi. Dakika tano za kwanza huvutia, ya sita mtazamaji hutafuta chai.

Katika kuendesha kwa ratiba, sifa ya kwanza nampa kasisi wa Kiingereza, Peter Denny, aliyeunda reli ya Buckingham, ambako treni zilitoka na kuingia kwa mpango kama wa stesheni ya kweli, kila moja kwa zamu yake. Upande mmoja wa reli hiyo ulishikwa na mwanawe Crispin. Na ilipokuwa kijana hapatikani tena kila saa, baba akaunda mtambo wa kushika zamu yake, akauita Crispin wa Kujiendesha. Naona ni jawabu la insafu zaidi kuliko kumlaumu kijana kwa kukua. Wengine, kwa kuwa masafa yao yamefupishwa, hufupisha na wakati pia, wakatundika ukutani saa inayokwenda mbio, ili safari ya hatua kumi ihesabiwe kuwa ya nusu saa na dereva apate cha kuwahi.

Sasa anayesema kwamba meza ndogo haiwezi kubeba mwendo wenye maana, na asikilize hesabu ya pili. Mwingereza mwingine, Alan Wright, alibuni mpango wa reli tatu fupi zinazoungana kwa panda mbili tu. Reli moja hutosha mabehewa matano, nyingine mbili hutosha matatu matatu, na ile inayoziunganisha hutosha injini na mabehewa matatu. Weka mabehewa manane. Piga kura kwa vijikaratasi, uchague matano, na uyapange katika reli ile ndefu kwa utaratibu ule ule wa kura, ukitumia injini moja tu, ukivuta, ukisukuma, ukiacha na kurudia. Namna za treni zinazoweza kutoka katika kura hiyo ni 8 mara 7 mara 6 mara 5 mara 4, nazo ni 6,720. Mtu akiunda treni moja kila jioni, hatazimaliza kabla ya miaka kumi na minane kutimia. Na bao la kuyabeba yote haya ni jembamba kiasi cha kuwekwa juu ya kabati la vitabu.

Simaanishi kwamba makubwa hayana heshima. Huko Hamburg, Ujerumani, ndugu Frederik na Gerrit Braun walifungua mwaka 2001 maonyesho ya reli ndogo ambayo leo yana treni zaidi ya 1,000 zinazosimamiwa na kompyuta, na umati wa watu hufurika kuyaona, nao wana haki. Lakini mtazame mtazamaji wa huko: macho yake hayako kwenye treni, yako kwenye vioja vidogo vilivyofichwa pembeni. Treni zinapita tu. Zimekuwa nyingi mno hata hakuna moja anayejali inakokwenda.

Allen mwenyewe alianza na kiwanja cha mita moja na kidogo kwa mita mbili, akaendelea kuongeza mpaka akaijaza sehemu ya chini ya nyumba yake kwa milima iliyotoka sakafuni hadi darini, na ule uwanja mdogo wa kwanza akauingiza ndani ya mkubwa. Alifariki tarehe 6 Januari 1973, reli yake ikiwa haijakamilika, na kabla ya wiki mbili kupita moto ukaiteketeza. Zilizobaki ni picha zake, mafunzo yake juu ya rangi na uchakavu, na kile kifumbo cha kuchepusha mabehewa kwa panda tano, ambacho kilichapishwa mwaka 1972 na kingali kinaundwa na watu wa mataifa mengi. Ataniambia mtu kwamba asingejulikana lau si ile milima yake mikubwa, nami simkatalii. Lakini naangalia kile ambacho mtu wa kawaida aweza kukirithi kutoka kwake, nacho chaenea juu ya rafu moja.

Kwa nini basi niyaandike haya kwa Kiswahili, ilhali mifano yote imetoka ng'ambo? Kwa sababu reli zetu wenyewe zimeumbwa kwa sanaa hii. Reli ya Tanga ni ya upana wa mita moja, na ukigawanya mita moja kwa 87 hupata milimita kumi na moja na nusu. Wanaounda reli za milima ya Uswisi, ambazo nyingi nazo ni za upana huo, wamekwisha kukubaliana juu ya milimita 12, na reli za kipimo hicho hutengenezwa na kuuzwa. Nchi yetu nayo yatoa hadithi isiyohitaji kubuniwa. Ujenzi wa reli hiyo ulianza mwaka 1893, mwaka ule ule ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuingiza mkonge nchini, na vitu hivyo viwili vikakua pamoja. Chukua stesheni moja ndogo, usiipe jina la kweli ikiwa waogopa wazee watakaokuja kukusahihisha. Weka ghala moja la marobota ya katani, jukwaa fupi la abiria, tangi la maji, na reli ya kuchepukia iendayo kwenye korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge. Mabehewa matupu huja kutoka pwani, yaliyojaa marobota huteremka bandarini, na behewa la mafuta ya taa au la saruji huletwa na kuachwa. Kila behewa hapo lina sababu ya kuja na sababu ya kuondoka. Kwenye ukuta wa nyuma chora milima ya Usambara kwa samawati hafifu.

Vifaa navyo viko chini ya miguu yetu. Nyasi ndefu hufanywa kwa nyuzi za katani zilizokatwa na kutiwa rangi, na haiyumkini kupata nyasi za stesheni ya mkonge zilizo za haki kuliko hizo. Vichaka hukatwa katika dodoki kavu. Na udongo mwekundu, alhamdulillahi, hatuna haja ya kuuagiza. Linaloagizwa kwa fedha za kigeni ni reli zenyewe, magurudumu na injini.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaomshauri anayeanza anunue injini tatu za bei nafuu ili aone mambo yakienda. Anunue moja, iliyo nzuri, inayoweza kutambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea bila kusita juu ya panda, kwa kuwa kazi yote ya kuchepusha ni kazi ya taratibu, na injini inayoruka na kugoma huiharibu hata stesheni iliyojengwa kwa mwaka mzima. Reli zilazwe na kujaribiwa kwa miezi kadhaa kabla ya kokoto kumwagwa, maana gundi ikishashika, kosa la milimita moja hukaa hapo. Plaiwudi ikatwe katikati kwa urefu, nusu iwe stesheni, na nusu ya pili iwekwe akiba mpaka ya kwanza imechosha. Kwa zile namna 6,720 za kura, sidhani kwamba itaguswa karibuni.