TAHARIRI: ZEBAKI YA MWALONI IMEINGIA KABATINI



Wako wanachama wanaouliza kwa nini duka letu la ushirika haliuzi mafuta ya kujichubua, wakati maduka ya watu binafsi yanauza na faida wanapata. Sisi wa ubao huu tunasema lisiuze, na sababu ni hizi.

Zebaki kila mtu hapa anaijua. Mchimbaji anaichanganya na mchanga, inakamata dhahabu, halafu anaichoma na moshi wake tunauvuta. Tumeambiwa mara ngapi tusiishike kwa mikono mitupu? Sasa chumvi za zebaki hiyo hiyo ndizo zinazotiwa katika baadhi ya krimu na sabuni za kung'arisha. Mtu anaogopa kuigusa mwaloni, kisha anajipaka usoni asubuhi na jioni! Baadhi ya makopo yameandikwa kwamba dawa isiguse pete ya dhahabu wala ya fedha. Watu wa Geita hawahitaji mwalimu wa kuwaeleza kwa nini.

Je, inafanya kazi? Tusidanganyane, inafanya. Rangi yetu inatengenezwa na ngozi yenyewe ili kuikinga na jua, na dawa hizi zinaizuia isitengenezwe. Lakini ukiacha, rangi inarudi, na hapo ndipo mtu anapofungwa kununua maisha yake yote. Haidrokwinoni ikitumiwa miaka mingi huweza kugeuza mashavu kuwa meusi ya bluu, madoa ambayo kuyatoa ni kazi ngumu. Wengine wanachanganya na tyubu za hospitali, zile za steroidi za kutibu ukurutu. Hizo zinafanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, ikipasuka mistari, na kidonda kinachelewa kupona. Mama kama huyo akifanyiwa upasuaji, hata kumshona ni tabu.

Zebaki yenyewe inakwenda kwenye figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika habari za watu wazima 60 waliovimba mwili kwa ugonjwa wa figo, na zaidi ya nusu yao walikuwa wakijipaka krimu za kung'arisha. Mwaka 1999 wataalamu wa Japani, akiwemo Daktari Masazumi Harada aliyewashughulikia wagonjwa wa zebaki wa Minamata, walitoa matokeo ya kupima nywele za wachimbaji, wavuvi na watu wa Mwanza. Wakaona kwamba baadhi ya waliokuwa na zebaki nyingi mno waliipata kwenye sabuni! Tena haibaki kwa mpakaji peke yake. Mtoto anaipata tumboni, na nyumba nzima kwa taulo na mikono.

Mambo haya si mapya. Tarehe 1 Januari 1969 Vijana wa TANU walianzisha Operesheni Vijana, wakakataza sketi fupi, mawigi na mafuta haya pia. Lakini wasichana wakafukuzwa barabarani na kuaibishwa, na hilo hatulitaki hapa kijijini. Asizomewe mtu. Leo sheria inakataza zebaki na haidrokwinoni katika vipodozi, na tangu 2019 wasimamizi ni TBS, lakini mali ya magendo haikosi njia.

Wazee na vijana wa kiume nao wasikae pembeni wakicheka. Nani hapa Usukumani aliyezoea kuongeza ng'ombe kwa binti mweupe? Bei mmeipanga ninyi, halafu mnamlaumu binti kwa kuitafuta. Na huku ndugu zetu albino wanahangaikia mafuta ya kuzuia jua, kama yale yanayotengenezwa KCMC Moshi, kwa kuwa rangi hiyo hawana na jua linawapa saratani. Kama duka letu lina nafasi kwenye rafu, tuagize hayo.

Hoja hii tunaomba iingizwe katika ajenda ya mkutano mkuu wa wanachama, na akina mama wasemeshwe kwanza.

Aliyekwisha kuanza asione haya, aende zahanati na kopo lake. Wa zile tyubu za steroidi asiache kwa ghafla kabla ya kuonana na mganga, maana ngozi huweza kuwaka na kuvimba. Makopo yasichomwe moto wala kutupwa karibu na kisima.