Sekunde Sita za Kuvuka Barabara: Alama na Taa za Mijini ni Suala la Afya

Linapotajwa neno kinga, fikra za wengi wetu huelekea kwenye chanjo, chandarua na maji safi. Hilo ni jambo jema, kwa kuwa mambo hayo matatu yameokoa maisha ya watu wengi katika nchi yetu. Hata hivyo, ipo kinga nyingine ambayo haihifadhiwi kwenye jokofu wala haiandikwi kwenye kadi ya kliniki. Kinga hiyo ni mistari myeupe ya kivuko cha waenda kwa miguu, kibao cha mwendo kilichosimikwa karibu na shule, na taa ya kuongozea magari inayowaka rangi sahihi kwa muda sahihi. Nikiwa daktari wa upasuaji wa mifupa, hupokea wale ambao kinga hiyo haikuwafikia. Hoja ninayoitoa katika makala haya ni kwamba kanuni za alama na taa za barabarani katika miji yetu ni kanuni za afya ya jamii, na kwamba halmashauri zinapaswa kuzisimamia kwa uzito uleule zinaoutumia kusimamia usafi wa masoko na machinjio.

Ukubwa wa tatizo unafahamika. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa mwaka 2023 inaeleza kuwa takriban watu milioni 1.19 walipoteza maisha kwa ajali za barabarani mwaka 2021. Zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na watumiaji wa pikipiki. Kwa watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29, ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kusababisha vifo duniani. Takwimu za vifo, hata hivyo, hazitaji walionusurika. Mtu aliyevunjika mfupa wa paja au muundi hubaki nje ya kazi kwa miezi kadhaa. Ikiwa ni mama lishe au mchuuzi wa samaki, mtaji huliwa kwa matibabu na chakula, na mtoto mmoja huenda akaacha masomo ili amuuguze. Hasara hiyo haionekani katika taarifa yoyote ya barabara.

Mwendo na mwili wa binadamu

Ili kuelewa kwa nini namba iliyoandikwa kwenye kibao ina maana ya kitabibu, hatuna budi kurejea kwenye fizikia ya shule ya sekondari. Nguvu inayobebwa na gari huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo wake. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hubeba karibu mara tatu ya nguvu ya gari hilohilo likiwa katika kilomita 30 kwa saa. Aidha, dereva anayehitaji sekunde moja ili atambue hatari na kukanyaga breki huwa amekwisha kusogea zaidi ya mita 8 akiwa katika mwendo wa 30, na karibu mita 14 akiwa katika mwendo wa 50, kabla breki hazijaanza kushika. Tofauti hiyo ya takriban mita 6 ndiyo inayoweza kuamua kama mtoto ataguswa au hataguswa.

Mfupa, ini na ubongo vina kikomo cha kustahimili mshtuko, na kikomo hicho hakibadiliki kwa mafunzo wala kwa maombi. Ndiyo maana wataalamu wa usalama barabarani duniani wanapendekeza kilomita 30 kwa saa pale ambapo magari na watu wanachangamana. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 iliweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Ukomo huo una manufaa yake, lakini mbele ya lango la shule ya msingi au la hospitali ni mkubwa mno. Hapo ndipo kibao chenye duara jekundu na namba 30, pamoja na matuta yanayokilazimisha kibao hicho kusikilizwa, huwa dawa.

Ushahidi wa jambo hili tunao nyumbani. Mpango wa kuboresha usalama wa barabara zinazozunguka shule, uliotekelezwa na shirika la Amend jijini Dar es Salaam na katika miji mingine ya Afrika, ulitumia vitu vya kawaida kabisa: matuta, vivuko, njia za waenda kwa miguu, alama na vizuizi. Tathmini yake ilionesha kuwa majeruhi wa ajali miongoni mwa wanafunzi walipungua kwa hadi asilimia 26, na mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji. Sijui dawa nyingi za bei ya rangi, saruji na vibao zinazoweza kujivunia matokeo ya namna hiyo.

Dozi ya taa ya kijani

Sisi madaktari hatuandiki dawa bila kutaja dozi. Taa ya waenda kwa miguu nayo ina dozi, nayo ni sekunde. Mara nyingi wahandisi hukokotoa muda wa kuvuka kwa kukadiria kuwa mtu hutembea mita 1.2 kwa sekunde. Chukua barabara yenye njia nne, kila moja ikiwa na upana wa mita 3.5. Jumla ni mita 14, na kwa makadirio hayo mtu anahitaji sekunde 12 hivi ili afike ng'ambo.

Sasa mfikirie bibi mwenye maumivu ya magoti, mjamzito wa miezi minane, au mgonjwa wangu aliyeruhusiwa wiki iliyopita akiwa na mikongojo. Utafiti uliochapishwa nchini Uingereza mwaka 2012 ulibaini kuwa wastani wa mwendo wa wazee ulikuwa mita 0.9 kwa sekunde kwa wanaume na 0.8 kwa wanawake. Kwa mwendo wa mita 0.8, barabara yetu ya mita 14 huvukwa kwa sekunde 17 na nusu. Maana yake ni kwamba sekunde 12 zinapokwisha, bibi yule yumo ndani ya njia ya tatu na pikipiki zimekwisha kuondoka. Kilichopungua ni sekunde sita. Marekani ilipunguza kadirio lake la kawaida hadi takriban mita 1.07 kwa sekunde katika mwongozo wake wa mwaka 2009, na mwaka huohuo Singapore ilianza kuwawezesha wazee kugusisha kadi kwenye nguzo ya taa ili waongezewe muda. Nasi hatushindwi kuamua kwamba muda wa taa utapimwa kwa hatua za anayetembea taratibu kuliko wote, hasa karibu na hospitali, vituo vya mabasi na nyumba za ibada.

Dozi hiyo pia huvurugwa kwa namna nyingine tunayoishuhudia kila siku. Saa za foleni, askari wa usalama barabarani husimama katikati ya makutano na kuongoza magari kwa mkono ilhali taa zinaendelea kuwaka. Simlaumu askari, anafanya kazi ngumu juani, na mara nyingi foleni imezidi uwezo wa taa. Lakini mkono wake huita magari, na mara nyingi mwenda kwa miguu husahaulika. Anaona taa yake ni ya kijani, anateremka kwenye ukingo, na lori linakuja kwa ruhusa ya askari. Amri mbili zinazopingana mahali pamoja ni hatari kuliko kukosa amri kabisa. Panapoongozwa kwa mkono, taa zizimwe au ziwekwe katika hali ya kumulika, na askari awe na wajibu ulioandikwa wa kuwapa watembeao zamu yao.

Alama inayosema uongo

Kila ninapojadili suala hili na watu, hujibiwa kwamba tatizo letu ni nidhamu: Watanzania hawatii alama, hivyo kuongeza alama ni kupoteza fedha. Hoja hiyo ina ukweli, ila inaacha sababu. Katika wodi za wagonjwa mahututi tunalifahamu tatizo la uchovu wa kengele. Mashine zinapolia kila mara bila sababu ya msingi, masikio ya wahudumu huzoea, na siku mgonjwa anapozidiwa kweli kengele inaweza isishtue mtu. Dereva naye huzoea. Kibao cha onyo la matengenezo kinapobaki miezi mingi baada ya mafundi kuondoka, kibao cha 50 kinaposimikwa bila kibao cha kuonesha mwisho wa ukomo huo, na kivuko kinapofifia hadi kusomeka kwa kubahatisha, tunamfundisha dereva kwamba alama haziaminiki. Nidhamu hujengwa na alama inayosema kweli, na askari anayeisimamia bila upendeleo.

Matengenezo, kwa hiyo, ni sehemu ya usalama wenyewe. Taa ya kwanza ya kuongoza barabara ilisimikwa London, jirani na majengo ya Bunge, mwezi Desemba 1868. Iliwaka kwa gesi, na Januari iliyofuata ililipuka na kumjeruhi polisi aliyekuwa akiiendesha. Taa zetu hazilipuki. Zinazimika tu, tena wakati mwingine kwa muda mrefu. Nguzo za vibao hung'olewa na kuuzwa kama chuma chakavu, matawi ya miti na mabango ya biashara huvifunika vilivyobaki. Mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani, hali inayowapata wanaume zaidi kuliko wanawake, hutegemea mpangilio wa taa: nyekundu juu, kijani chini. Taa moja ikiungua, huyo amepoteza mwongozo wake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika suala hili ukuta wenyewe hujengwa wodini.

Nani awajibike?

Mwananchi akiona kivuko kimefutika, ni vigumu kwake kujua pa kupeleka malalamiko. Barabara kuu na za mikoa zipo chini ya TANROADS. Barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017, zipo chini ya TARURA. Usimamizi wa sheria ni kazi ya Jeshi la Polisi. Halmashauri ya manispaa, ambayo ndiyo iliyo karibu zaidi na mwananchi, hujikuta ikitazama kwa mbali. Lakini sheria ya serikali za mitaa kwa mamlaka za miji ya mwaka 1982 inazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo kwa idhini ya waziri. Uwezo huo umetumika kusimamia taka, mifugo na maegesho. Hauna budi kutumika pia, kwa makubaliano na mamlaka za barabara na bila kupingana na sheria za nchi, katika mambo yafuatayo.

Kwanza, kila halmashauri iwe na daftari la alama na taa zote zilizo ndani ya mipaka yake, likionesha mahali, hali na mamlaka inayohusika. Pili, uwekwe muda wa ukomo wa kurekebisha taa iliyozimika na kivuko kilichofutika, na taarifa ya utekelezaji isomwe katika kikao cha baraza la madiwani. Tatu, bango lolote la biashara linaloziba alama liondolewe kwa gharama ya mwenye bango. Nne, maeneo ya shule na hospitali yawekewe ukomo wa kilomita 30 kwa saa, pamoja na matuta. Tano, kabla ya taa mpya kuwashwa, muda wa kuvuka ujaribiwe kwa kuwatembeza mzee, mtu mwenye ulemavu na mtoto, na si kwa hesabu za mezani pekee.

Wapo watakaosema kuwa sekunde za ziada zitarefusha foleni. Katika mzunguko wa taa wa sekunde 120, sekunde sita ni asilimia 5. Dereva aliye ndani ya gari anaweza kuumia kwa kuchelewa. Aliye mbele ya gari anaweza kuumia kwa kugongwa. Majeraha hayo mawili hayalingani, na sera ya mji unaojali watu wake haiwezi kuyalinganisha. Tukumbuke pia kwamba dereva huyo, akishaegesha gari, naye ni mwenda kwa miguu.

Sisi watumishi wa afya tuna fungu letu. Katika mafaili mengi ya majeruhi huandikwa "ajali ya barabarani" na si zaidi. Tukiongeza mstari mmoja tu wa kutaja mahali ajali ilipotokea, na kama palikuwa na kivuko au taa, hospitali itaweza kumpelekea mkurugenzi wa halmashauri orodha ya makutano yanayoongoza kwa kuvunja mifupa ya watu wake. Mkurugenzi aliyepokea orodha hiyo kabla ya kikao cha bajeti atapata shida kueleza kwa nini hapakupatikana fedha za rangi nyeupe.