Kabla uniulize bei ya Njugu

Nikiposti klipu moja tu ya Njugu, inboksi inajaa swali lile lile: "Bro, huyo ni bei gani?" Hakuna salamu, hakuna "anakula nini", ni bei tu. Wacha niwajibu wote mara moja. Bei ndio kitu rahisi kabisa kwa hii stori na sitaitaja, juu mtu akishaijua anaanza kuhesabu doo na anasahau kuhesabu masaa.

Kwa wageni: Njugu ni koka spanieli, dume, rangi ya njugu karanga zilizokaangwa, na mwezi huu anafikisha mwaka. Tunakaa Kitengela, upande wa Yukos, kwa nyumba ya mathe yenye ua mdogo. Kama hujui koka anafanana aje, mfikirie Lady, yule wa katuni ya Disney ya 1955, mwenye masikio marefu yanayoning'inia kama mtu amejifunga leso. Ile katuni iliwaponza sana hawa mbwa. Watu wanawaona wanadhani ni midoli.

Sasa maoni yangu, na najua kuna wenye yatawachoma: koka hafai kuishi kwa kibanda. Na mtaani kwetu karibu kila mbwa anaishi kwa kibanda. Mnaijua hiyo sistimu. Saa kumi na mbili asubuhi mbwa anafungiwa ndani ya mabati kando ya geti, usiku anafunguliwa "alinde". Mchana mzima yuko pale, jua la Kitengela linapiga hayo mabati, sufuria ya maji imepinduka tangu saa tatu. Ukiuliza unaambiwa akizoea watu hatakuwa mkali.

Haya, chukua hiyo hesabu umwekee koka. Kwanza, ukali hatauwahi. Mwizi akiruka ukuta wetu Njugu atamletea kiatu, na kama mwizi ana mandazi watakuwa marafiki wa maisha. Pili, mbwa huyu alitengenezwa kufanya kazi na mtu. Jina lenyewe la koka limetoka kwa ndege wa vichakani huko Uingereza anayeitwa woodcock. Kazi ya koka ilikuwa kuingia kichakani, kunusa, kumfurusha ndege aruke, halafu mwindaji apige. Siku nzima mbwa anakimbia mbele ya mtu mmoja, anageuka kumwangalia, anakimbia tena. Ndio maana hadi leo polisi wa Uingereza huwatumia kunusa dawa za kulevya na vilipuzi. Hiyo pua na hiyo haja ya kukuangalia usoni haziishi kwa sababu wewe umemnunua ukae naye Kitengela. Ukimfungia mchana kutwa, atabweka mpaka sauti ikwaruze, atajilamba miguu mpaka iwe vidonda, ama atachimba. Halafu watu watasema koka ni mbwa mjinga.

Kuna mtu mmoja tu mwaka huu mzima ambaye hakuuliza bei. Tulikuwa tumeenda Kajiado ndani, mbele ya Isinya, kwa binamu yangu, nikamtoa Njugu kwa kamba ndefu atembee. Tukakutana na mzee analisha mbuzi, ana mbwa wawili wembamba wa rangi ya mchanga, wametulia kando ya kundi kama wameajiriwa. Mzee akamwangalia Njugu kutoka masikio hadi mkia.

"Kijana wangu, huyu anafanya kazi gani?"

"Mzee, huyu ni wa kukaa na mimi tu."

"Kukaa si kazi."

Sikuwa na jibu la haraka. Lakini Njugu alikuwa ameshashusha pua chini, mkia unaenda kama wipa ya gari, na kabla sijavuta kamba kwale wawili wakaruka kutoka kwa nyasi hatua kumi mbele yetu. Hakuna mtu amewahi kumfundisha hiyo. Mzee akacheka. "Ah. Kumbe anayo."

Nimewaza hayo maneno sana. Sisi watu wa mtaa huwa tunawahurumia mbwa wa wafugaji, ati hawaogeshwi, ati wanakula mabaki. Manze, wale mbwa wanaamka na kundi, wanatembea kutwa na mtu wao, na usiku wakibweka kuna sababu. Huku kusini mwa Mbuga ya Nairobi hakuna ua wa kuzuia wanyama. Mwaka 2012 simba sita waliuawa hapa Kitengela baada ya kuua mbuzi wa watu. Mbwa anayebweka mapema kwa boma anaokoa mbuzi, na pengine na simba pia. Mbwa wa huruma ni yule wa estate, mwenye kola ya ngozi na kibanda kilichopigwa rangi, hana mtu wa kutembea naye na hana cha kufanya. Mimi nilitoka kampasi nikiwa mwaka wa pili, nikakaa nyumbani miezi kadhaa bila chochote cha kuniamsha, kwa hivyo hapo msinibishie. Najua kukaa bure kunafanya nini kichwa.

Basi kazi ya Njugu ni pua. Asubuhi, kabla jua halijakuwa kali, tunatoka kuelekea tambarare. Jioni nachukua omena kidogo nazificha kwa ua: chini ya tairi, ndani ya taulo kuukuu iliyokunjwa, nyuma ya mtungi. Dakika kumi na tano za kutafuta zinamchosha kuliko kukimbia saa nzima. Hiyo haigharimu kitu. Kile inakula ni muda, na mimi ninao juu naeditia kejani.

Na muda ndio mwaka wa kwanza unataka. Wiki za mwanzo hatoki nje ya geti hadi chanjo zikamilike, kwa sababu virusi vya parvo vinakaa kwa udongo miezi mingi na huua watoto wa mbwa haraka. Chanjo ya kichaa cha mbwa inaanza akiwa na miezi mitatu, na hiyo usilete mchezo. Kenya inataka kumaliza vifo vya watu kutokana na hiyo kichaa kufikia 2030, na dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Kati ya mwezi wa nne na wa saba meno 28 ya utoto yanatoka, yanakuja 42 ya ukubwa, na hapo kila kitu ni cha kutafunwa. Chaja yangu ilienda. Mguu mmoja wa stendi ya simu ukaenda. Slipasi ya mathe ikaenda, na hiyo ndio kesi iliyochukua muda mrefu.

Halafu masikio. Masikio ya koka yameziba kama kifuniko cha sufuria, ndani ni joto na unyevu, kwa hivyo yanaoza haraka. Kila Jumapili nafungua, nanusa, nasafisha na dawa niliyopewa na daktari. Ongeza mbegu za nyasi za huku Kajiado, zile zenye ncha, zinaingia sikioni na katikati ya vidole na zinazidi kupenya ndani. Kila tukirudi matembezini nakaa kwa ngazi nakagua kidole kwa kidole, pamoja na kupe. Mvua ikinyesha ule udongo mweusi unamshika miguuni mpaka anatembea kama amevaa gambuti, na maji ya kumwosha ni ya mtungi wa kununua. Fanya hesabu mwenyewe.

Mwezi wa nane ndio mgumu zaidi na hakuna mtu hukuonyesha kwa TikTok. Sio mtoto tena, sio mkubwa, ukimwita anakuangalia halafu anaendelea na mambo yake. Nimeona kwa estate yetu, huo ndio wakati watu huishiwa na subira na kibanda hujengwa. Waliponunua alikuwa na wiki nane na alikuwa mzuri kwa picha. Na sisi wenye kamera tuna mkono kwa hii biashara. Klipu ya sekunde 20 ya kijibwa anapiga chafya inaenda mbali kuliko klipu ya kusafisha nta ya sikio, na wauzaji wanajua hivyo.

Kwa hivyo ukikuja inboksi sasa, nitakuuliza kitu kimoja: Jumanne saa nne asubuhi, nani yuko nyumbani? Ukisema hakuna mtu, namba ya muuzaji hutapata kwangu. Ukisema ni fundi wa bustani anayekuja mara mbili kwa wiki, pia hapana. Na kama unakaa kwa fleti, muulize mwenye nyumba kwanza kabla umlete mnyama ndani ya begi.

Na kama unachotaka ni mbwa tu, si lazima awe koka, KSPCA pale Karen huwa na mbwa wakubwa wanaotafuta nyumba. Unaenda, mnaonana, unajua tabia yake kabla ya kumchukua. Wengi ni chotara, masikio yamesimama, hayataki pamba kila Jumapili. Rafiki mkubwa wa Njugu huku mtaani ni chotara wa hivyo, halali kwa kibanda, na anaitwa Askari. Sijawahi kumwona akilinda kitu.